Mbonigaba na Kiti cha Léopold

Mbonigaba alifika Mushaki mwaka wa 1944 pamoja na mkewe Verdiane na binti yao Béata, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Walitoka Rwanda, ambako njaa ilikuwa imewazika majirani zao wengi, wakaja na kundi la watu walioandikwa majina ili wapewe ardhi katika vilima vya Masisi. Kipande walichopewa kilikuwa mteremko mkali mno. Kiazi kikikuponyoka juu, unakiokota kwa jirani wa chini. Wahunde waliolima vilima hivyo tangu enzi za babu zao waliwatazama wageni bila matusi na bila furaha.

Kwao Mbonigaba alikuwa karani wa depo, ghala la kahawa. Mwandiko wake ulikuwa safi, na alijua Kifaransa cha kutosha kusoma barua ya kazini na kuijibu. Jembe hakuwahi kulizoea, na sasa hata angetaka asingeweza: njiani, kwenye daraja la miti lililolowa mvua, aliteleza na mzigo kichwani, bega la kushoto likavunjika. Mfupa uliunga upande. Tangu siku ile mkono huo haukupanda tena juu ya kifua. Kwa hiyo Verdiane ndiye aliyelima, mtoto mgongoni, na mume alishinda akipalilia kwa mkono mmoja kama mtu anayechezea udongo. Watu waliopita barabarani walimwona. Naye alijua kwamba wanamwona.

Akaanza kutafuta kazi ya kalamu. Alitembea hadi Masisi, kwenye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, akasimama ukutani tangu asubuhi hadi walipomwita. Karani wa hapo alimwambia kwa upole kwamba hakuna nafasi, na ikipatikana watu watajulishwa. Mbonigaba alirudi nyumbani akaamini. Baada ya wiki tatu alipita tena, akakuta mtu mwingine ameketi kwenye meza mpya, anachora mistari kwenye daftari. Aliuliza huyo alijulishwa lini. Askari wa mlangoni alicheka kidogo, akasema kwamba huyo ni mtoto wa dada ya mtu fulani. Hakuna karatasi iliyobandikwa, hakuna tarumbeta iliyopigwa.

Aliyemfungua macho alikuwa Ndagijimana, Mnyarwanda mwenzake aliyetangulia kuja miaka mingi nyuma, akawa mpishi kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja kule Burungu. Walikutana baada ya misa. Mbonigaba alimweleza habari za ofisi, zile siku alizosimama ukutani.

"Kaka, kazi haikaaka ku biro," Ndagijimana alimwambia. "Muzungu anaisemaka ku meza, wakati anakula. Na mi niko pale, nashika sahani. Unataka kazi? Tafuta wenye kushika sahani."

Mbonigaba hakulipenda neno hilo. Alikuwa mtu wa kuitwa kwa jina lake na kuulizwa anajua nini. Lakini alilifuata, kwa kuwa hakuwa na lingine. Jumapili moja alisali Mushaki, nyingine alikwenda mwendo wa siku nzima hadi Burungu, akalala huko ili awaone watu kanisani. Aliwaandikia barua wapishi, madereva, mafundi mbao, wote waliokuwa na mama au mke mbali, na hakudai chochote. Alipomaliza barua alisema taratibu kwamba yeye ni karani, bega lake bovu, mkono wa kuandikia mzima. Alirudia maneno hayo mara nyingi sana, mpaka yakamchosha kinywani. Verdiane alimwambia siku moja kwamba anawasalimu watu wa njiani kama mtu anayegombea uchifu.

Mwaka wa 1946 habari ya kwanza ilikuja. Kule Burungu, kwenye nyumba ya kukaushia pareto, msimamizi alikuwa amekwenda kwao kuzika, na hakuna aliyejua kama atarudi. Ndagijimana alituma neno kwa mchunga ng'ombe, mchunga ng'ombe akalipeleka sokoni, na lilipofika Mushaki lilikuwa na umri wa siku nne. Mbonigaba aliondoka saa ile ile. Mvua ilikuwa imekata barabara, akazunguka kwa kilima, akafika kesho yake jioni matope hadi magotini. Nafasi ilikuwa imejazwa asubuhi.

Habari ya pili ilikuja mwaka uliofuata, na safari hiyo aliwahi. Ilikuwa kazi ya kuandika ng'ombe na maziwa kwenye shamba kubwa karibu na nyumbani. Mzungu mwenye shamba alimpa karatasi aandike, akaitazama, akaridhika. Kisha nyapara, aliyesimama kando, akauliza Mbonigaba ni wa wapi. Alijibu kwamba anakaa Mushaki. Nyapara akasema hakuuliza anapokaa. Waliongea pembeni, yeye na mzungu, na Mbonigaba akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo alimkuta kijana wa ukoo wa mwenye kilima, chifu wa Wahunde, na hakushangaa. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni. Verdiane alimpa viazi na chumvi. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na bado alikuwa mgeni kama siku ya kwanza, ila sasa alikuwa mgeni anayejulikana.

Mwezi wa pili wa 1948, dereva mmoja wa kamyo, Sebahire, alisimama barabarani Mushaki akamwita. Mbonigaba alikuwa amemwandikia barua nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana Sebahire alikuwa na wake wawili mbali na kila mmoja alitaka barua ndefu kuliko ya mwenzake. Dereva huyo alipeleka vyakula na vyombo hadi Walikale, kwenye machimbo ya kasiteriti, madini ya bati, yaliyokuwa msituni mbele ya Kibua. Alisema Bwana wa machimbo amemwomba amtafutie karani wa depo, kimya kimya.

"Anataka muntu wa mbali," Sebahire alisema. "Asikuwe na ndugu kule, asijulikane na muntu. Mi nikasema, huyo ninaye."

Mbonigaba alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kumbe ugeni nao una soko lake. Aliuliza aliyekuwa kwenye kiti hicho anakwenda wapi, na Sebahire akajibu kwamba anaondoka, macho yake yamechoka, Bwana ameona makosa katika daftari. Mbonigaba hakuuliza zaidi. Ilimchukua wiki moja kupata karatasi ya njia, maana bila karatasi hiyo mtu hakuruhusiwa kuhamia teritwari nyingine. Verdiane alimfungia mahindi ya kuchoma na shati la pili. Hakulia, wala hakusema kwamba atamfuata. Alisema msituni hakuna ardhi yake, na hii ya mteremkoni angalau ameshaijua.

Kamyo ilishuka siku mbili. Baridi ya vilima iliishia juu, na msitu ukaanza, mti juu ya mti, hewa nzito kama nguo ya kuanikwa. Walipofika machimboni, waliambiwa Bwana amekwenda mjini Costermansville na atarudi baada ya siku nne. Sebahire alishusha mizigo, akageuza kamyo. Mbonigaba alibaki na fuko lake mbele ya depo, hajui mtu, na hawezi kusema kilichomleta, kwa kuwa alikatazwa.

Mwanamume wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi, alitoka depo akamkaribia sana, karibu kuliko watu wanavyokaribiana, kama anayetaka kuhesabu kope zake. Aliomba karatasi ya njia, akaishika mbele ya pua. Kisha akasema mgeni hawezi kulala kwenye baraza la depo, chui wapo, twende nyumbani. Jina lake lilikuwa Léopold. Alikuwa mtu wa Kibua, na yeye ndiye karani.

Mbonigaba alimfuata. Njiani alijipa moyo kwamba mtu huyu anajua anaondoka, pengine amejitakia mwenyewe. Lakini walipofika nyumbani alikuta jikoni mpya inajengwa, miti imesimama, fito zimefungwa, na mke wa mwenyeji, Hélène, ameketi chini katikati ya lundo la majani mapana ya msituni, anayachagua kwa ajili ya kuezeka. Mama huyo alimkaribisha, akampa maji ya kuoga, akapika ugali wa fufu na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Walipokula, Léopold alieleza kwamba hapo upande wa kushoto wataweka kinu, na mwakani, Mungu akipenda, watapanua nyumba yenyewe, kwani binti yao Joséphine-Marie anakaribia kuolewa na wageni watakuwa wengi. Mbonigaba alitafuna polepole. Mtu anayejua anaondoka hajengi jikoni.

Siku ya pili aliwasaidia. Hakuweza kupanda wala kuinua, lakini aliweza kukaa chini ya ngazi na kupokeza majani kwa mkono mzima. Léopold alikuwa juu, anayafunga kwa kupapasa, vidole vinakwenda vyenyewe. Alizungumza sana. Alisimulia miaka kumi na moja ya depo, jinsi alivyoanza akiwa anabeba magunia, jinsi alivyojifunza namba kwa kuzitazama begani kwa mwingine. Mbonigaba aliitikia tu. Kila alichoambiwa kilimwongezea uzito. Alifikiria kuondoka, lakini kamyo haikuwapo, na kwa miguu Mushaki ni mbali. Alifikiria pia Verdiane, mikono yake iliyopasuka, na mbegu walizokula mwaka jana badala ya kuzipanda. Kulala alilala, kwa uchovu, ila aliamka amechoka vilevile.

Siku ya tatu, mchana, walipokuwa kwenye majani tena, alisema.

"Papa Léopold, kuna neno. Sikukuja kutembea. Nilikuja juu ya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya depo. Yako. Banasema Bwana anatafuta muntu wa kushika nafasi yako. Mi nilifikiri wewe mwenyewe unaacha. Nilipoona hii jikoni, njo nilijua hukuambiwa."

Léopold hakushuka. Alibaki na jani mkononi, uso ameugeuzia msituni. Aliuliza kama sababu ni macho. Mbonigaba akajibu kwamba dereva alisema Bwana ameona makosa katika daftari.

"Mi nilijua makosa iko," Léopold alisema. "Sikujua kama anaona."

Akalifunga lile jani mahali pake. Akaomba lingine, Mbonigaba akampa. Walifanya safu nzima hivyo. Kisha Léopold akauliza, kwa sauti ile ile ya kazi:

"Ukirudi kwako kesho, atatafuta mwingine?"

"Atatafuta."

"Basi baki. Atakayekuja hatanisaidia kuezeka."

Hélène alikuwa nyuma ya ukuta wa fito, na alisikia yote. Alizunguka taratibu, akasimama mbele ya Mbonigaba. Hakupaza sauti.

"Umekula fufu ya mikono yangu siku tatu, na ulijua."

"Nilijua tangu juzi magaribi, Mama, nilipoona jikoni."

"Jana pia ulikula."

Hélène aliingia ndani, akatoka na fuko lake, akaliweka nje ya uwanja, si kwa kulitupa, kwa kuliweka, kama mtu anavyoweka kitu cha wenyewe. Léopold alimwita mkewe kwa jina, mara moja tu, naye hakugeuka. Usiku huo Mbonigaba alilala kwa katekista wa kambi ya machimbo.

Bwana aliporudi, mambo yalikwenda haraka. Alimwita Mbonigaba, akamwandikisha ukurasa mmoja, akamuuliza kama anakunywa pombe. Halafu akamwita Léopold. Mbonigaba alisubiri nje, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Alisikia Bwana akisema maneno ya heshima, miaka kumi na moja, kazi nzuri. Alimsikia Léopold akiomba kazi nyingine yoyote, hata ya kufungua lango la depo. Bwana alisema lango lina mtu. Basi ikawa hivyo, ila Léopold alitakiwa abaki wiki mbili amfundishe mgeni.

Mbonigaba alisema miaka mingi baadaye kwamba wiki hizo mbili zilimchosha kuliko miaka yote ya kutafuta. Alitegemea chuki, na chuki ingemsaidia. Léopold alimfundisha kila kitu: gunia gani hupungua likikaa unyevuni, nyapara gani huleta madini yenye mchanga, siku ambazo Bwana hapendi kuulizwa. Alimwonyesha ukurasa aliokosea, akaweka kidole pale, akasema hii ni sita, mimi niliona sifuri. Siku ya mwisho alifunga daftari, akaweka kalamu juu, akamwomba amsindikize hadi njia panda kwa sababu jua lilikuwa linamuumiza. Hélène alikuwa ametangulia Kibua na vyombo. Jikoni ilibaki imeezekwa nusu. Nyumba ilikuwa ya kambi, na mwenye kazi ndiye aliyepewa. Mbonigaba aliishi humo, lakini nusu ile hakuimaliza. Alipikia nje, mvua ikinyesha alikula baridi.

Alifanya kazi. Verdiane alipata jembe jipya na chumvi na nguo za Béata, na mara mbili kwa mwaka mume alipanda kamyo ya Sebahire kwenda kuwaona. Walizaa watoto wengine wawili, kila mmoja akamzoea baba kama mtu wa sikukuu. Msituni nako watu walimzoea. Walimwita karani wa milimani. Alijua sasa wapishi wa njia nzima, madereva, wauguzi, mafundi, na maneno yalipita kwake: huko wanatafuta seremala, huku msimamizi amegombana na Bwana wake. Watu walikuja kumuuliza, wengi wageni kama yeye. Alichojua alisema. Lakini kabla ya kusema aliuliza swali moja, aliye kwenye kiti hicho ameambiwa? Wengine waliudhika, wakaona anajifanya padri. Mara nyingi hakuwa na njia ya kujua, akasema tu, kisha siku ile yote hakuzungumza na mtu.

Habari za Léopold zilimfikia vipande vipande. Macho yalizidi kufifia. Alikuwa anakaa Kibua kwenye shamba la kaka yake, anamenya mihogo na wanawake. Mwaka wa 1951 mpishi wa mapadri, Michel, alipita depo kuchukua misumari, akataja kwamba padri analalamika, katekista wa Kibua amekufa na hapati mtu anayejua katekisimu vizuri. Wanaojua kusoma wote wamekimbilia machimboni. Mbonigaba aliacha alichokuwa anaandika. Alikumbuka kwamba Léopold, alipokuwa juu ya ngazi, alipochoka kuzungumza alikuwa anatamka sala na maswali ya katekisimu moja baada ya jingine, hakosi hata neno.

"Mwambie padri kuna muntu hapo hapo Kibua," alimwambia Michel. "Haoni vizuri, lakini kitabu chote iko mu kichwa. Mwambie leo, wakati anakula. Usingojee kesho."

Michel alikwenda. Haikuwa rahisi, padri alitaka mtu wa kuweza kuandika majina ya wabatizwa, na ilibidi Mbonigaba atume neno tena na tena, kwamba Joséphine-Marie amesoma kidogo na anaweza kumwandikia baba yake. Baada ya miezi mitatu Léopold akawekwa. Hakupaswa kujua nani alilisukuma neno hilo. Mbonigaba alimkataza Michel kusema, lakini mpishi ni mpishi.

Machimbo yale yalipungua, na mwaka wa 1957 depo ikafungwa. Mbonigaba alikabidhi funguo, akapanda kamyo na sanduku moja. Sebahire alikuwa amezeeka pia, akiendesha kwa kulalamikia mgongo. Kibua alisimama ili radieta ipoe, na Mbonigaba akashuka kwenda kusalimu. Léopold alikuwa chini ya kibanda cha majani na watoto thelathini, anauliza, wanaitikia. Aliijua sauti ya Mbonigaba kabla hajataja jina. Walishikana mikono kwa muda, wakaulizana habari za watoto, na hakuna aliyegusa ya zamani.

Hélène alikuwa kwenye uwanja wa nyumba yake. Alimletea kiti nje. Alimletea maji katika kikombe kisafi, akasimama kando mpaka alipomaliza. Alimuuliza habari za safari na za nyumbani, kama inavyotakiwa. Kutoka jikoni ilitoka harufu ya chakula kilichoiva, lakini hakumkaribisha ndani, naye Mbonigaba hakutegemea. Alishukuru kwa maji, akarudi barabarani.

Alifika Mushaki kesho yake mchana. Béata, sasa msichana mrefu kuliko mama yake, alimpokea sanduku. Verdiane alikuwa shambani, kule juu ya mteremko, na alipomwona alinyoosha mgongo, akampungia jembe, kisha akamaliza kwanza mstari aliokuwa nao. Mbonigaba aliingia ndani amngojee. Aliketi kitandani ili avue viatu, akavua kimoja, na usingizi ukamchukua hapo hapo. Waliporudi walimkuta amelala hivyo, wakamwacha.